Breki za Najim

Siku ile mjinga alikuwa Jamaldini. Hilo halina mjadala, na mwenyewe ukimkuta ameshiba na hana haraka atakuambia hivyo hivyo: "Mjinga nilikuwa mimi." Ila atakuomba kwanza umsikilize alivyofika huko, maana hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema leo ngoja nikawe mjinga. Yeye mwenyewe, kila alichofanya wiki ile alikiona cha maana kabisa, mpaka alipojikuta mtaroni amelowa maziwa.

Mwaka huo, 2003, kila kitu kilikuwa kinaingia Arusha kwa kontena: nguo, friji, viatu, hata baiskeli za Wazungu zilizochoka. Jamaldini alikuwa fundi baiskeli pale Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, chini ya mabati manne aliyoyashikiza kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Tangu apunguzwe kazi kiwandani alikuwa anaishi kwa spoku na viraka, na kwa zile baiskeli nyeusi za chuma hakuwa na mpinzani. Mpinzani alikuja na kontena. Jina lake Najim, kijana wa miaka ishirini na nane aliyewahi kutengeneza baiskeli za kampuni moja ya utalii, kisha akafungua banda lake mwenyewe ng'ambo ya barabara, usoni kabisa pa Jamaldini. Alikuwa na meza ya chuma, mtungi wa gesi, pikipiki, na aproni. Aproni ndiyo iliyoanza kumkera Jamaldini. Fundi baiskeli gani anavaa aproni?

Lakini aproni peke yake isingemfikisha mtu mtaroni. Palihitajika maziwa.

Mkewe, Siwema, alikuwa anauza chai na mtindi barazani kwao. Maziwa aliletewa na Lerionka, Mwarusha wa juu ya Ngaramtoni, ambaye kila asubuhi alikusanya ya kwake na ya majirani, akafunga madumu mawili ya lita ishirini nyuma ya baiskeli yake ya gia, ya kijani, fremu ya zamani ya chuma, na kuteremka nayo. Mwezi ule Siwema alikuwa amepata nafasi ambayo wanawake wengi wa Sakina walikuwa wanaiota: kupeleka maziwa kwenye shule mpya ya bweni, ile ya Kiingereza yenye mabasi ya njano. Lita arobaini kila siku, kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Matroni Kandida, msimamizi wa jiko, alimwambia waziwazi.

"Mama, wazazi wa hawa watoto wanalipa ada ya mamilioni. Siwezi kuwapa chai ya rangi. Nakujaribu wiki mbili. Ukichelewa mara tatu, kuna watu kumi nyuma yako."

Wiki ya kwanza tu, Siwema alikuwa ameshachelewa mara mbili. Na ilikuwa masika.

"Ona, fundi," Lerionka alimwambia Jamaldini Jumatatu ile, akionyesha rimu ya mbele iliyolika mpaka ikafanya bonde. "Matope ya kule kwetu ni kama msasa. Raba nafunga leo, keshokutwa hakuna raba. Nikifika mteremkoni kumenyesha, nabana, nabana, baiskeli inanicheka. Nashuka, natembea nayo. Ndiyo kuchelewa kwenyewe huko."

"Si kuna zile za diski?" Siwema aliuliza. Alikuwa amesimama pale na birika mkononi. "Zile zinazobana kwenye sahani ya chuma katikati ya gurudumu. Matope hayafiki kule."

Jamaldini alicheka cheko la kitaalamu. "Mama Kauthar, wewe pika chai. Fremu hii ni ya zamani. Haina masikio ya kushikia breki ya diski, si mbele si nyuma. Habu zake, pale katikati ya gurudumu, hazina matundu ya kufungia hiyo sahani. Haiwezekani. Na atakayekwambia inawezekana ni tapeli."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, isipokuwa hayo mawili ya mwisho.

Siwema aliweka birika chini, akaishika baiskeli usukani, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka nayo barabara. Lerionka akamfuata.

Jirani wa Jamaldini pale kibandani alikuwa Manase, fundi viatu, mtu ambaye mdomo wake ulikuwa na kazi kuliko sindano yake. Aliinua miwani.

"Fundi Jamaldini, nisaidie, macho yangu mabovu. Yule si shemeji yetu?"

"Shona viatu, Manase."

"Na ile si baiskeli?"

"Nimesema shona."

"Nashona. Nilitaka tu kujua, na mimi mke wangu kiatu chake kikikatika, akipeleke kwa nani?"

Siku nne Lerionka alileta maziwa kwa pikapu ya wachuuzi. Yalifika kwa wakati, ila nauli ilikula faida yote, na Jumamosi pikapu ilikuwa inakwenda mnadani upande wa Monduli. Jumamosi, kwa hiyo, baiskeli ilitakiwa iwe tayari, liwalo na liwe.

Jamaldini alivumilia mpaka Jumatano. Jumatano alivuka barabara kwa kisingizio cha kuazima spana namba kumi na tano, wakati ya kwake ilikuwa mfukoni inamchoma paja.

"Shikamoo, kaka," Najim alisema, akainuka kabisa.

"Marahaba." Shikamoo ya kijana yule ilikuwa na adabu tele, na kila alipoipokea Jamaldini alihisi mvi moja imeongezeka kidevuni.

Baiskeli ilikuwa imening'inizwa juu ya meza, imevuliwa kila kitu. Foki ya mbele, ile panda inayoshika gurudumu, Najim ameitoa, ameweka nyingine ya mtumba yenye masikio yake. Magurudumu ameyasuka upya kwenye habu zenye matundu sita. Hayo Jamaldini hata yeye angeyaweza. Alichokitafuta kilikuwa nyuma, kwenye fremu yenyewe, pale alipowaambia watu haiwezekani. Akainama. Najim alikuwa amekata kipande cha bamba nene, akakipiga tupa mpaka kikakaa kwenye bomba la kushoto kama kilizaliwa nalo, akakichomelea kwa shaba, kwa moto mdogo, ili bomba lisiungue. Kisha akaongeza kijiti cha chuma kutoka bomba la juu hadi la chini, kukaza, ili breki ikibana bomba lisipinde.

Jamaldini alipitisha kidole kwenye mshono. Alitafuta tundu. Alitafuta povu. Alitafuta mahali palipoungua. Hakupata kitu.

Kazi ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma. Ingekuwa mbovu angerudi kwake anapiga mluzi.

"Kijiti hiki cha nini?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Ha! Shemeji naye kaniuliza hicho hicho," Najim alisema, uso umemchanua. "Alikuwa hapa sasa hivi, kaniletea chai. Nikamweleza mara moja tu, akaelewa. Shemeji ana kichwa cha ufundi, kaka."

Miaka kumi na minne ya ndoa, Siwema hajawahi kumuuliza Jamaldini swali hata moja juu ya baiskeli. Hata pampu.

"Chai na nini?"

"Samahani, kaka?"

"Alikuletea chai na nini?"

"Na chapati. Mbili."

Jamaldini alirudi ng'ambo bila spana. Yeye siku hiyo alipata chapati moja.

Jioni, sahani ilipowekwa mbele yake, alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Naona chapati siku hizi zimepungua."

"Unga umepanda," Siwema alijibu.

"Umepanda upande huu wa barabara tu?"

Siwema alimtazama, akaangua kicheko, akaenda kumwita binti yao Kauthar aje kula. Kicheko kile Jamaldini alikitafuna usiku kucha.

Ijumaa jioni Najim aliiendesha baiskeli mwenyewe mpaka barazani kwao. Ile kijani ya zamani ilikuwa imefutwa inang'aa, na katikati ya kila gurudumu sahani ya chuma yenye vitundu ilizunguka inameta kama shilingi mpya. Majirani wawili watatu walisimama kutazama.

"Shemeji," alisema, "Lerionka aambiwe mambo matatu. Diski haiguswi kwa mkono wenye mafuta. Diski haipakwi kitu, kitu chochote. Na ikilia, iacheni ilie, bado mpya, pedi zinazoibana hazijakaa. Kabla ya mteremko aibane na kuiachia kwenye tambarare mara thelathini hivi, itazoea. Mafuta yakigusa pedi, hakuna breki."

Maneno yote hayo aliyasema kwa Siwema. Jamaldini alikuwa amesimama katikati yao, lakini kwa ulivyopita ule mwongozo juu ya bega lake, angeweza kuwa nguzo ya umeme. Miaka ishirini kwenye baiskeli, na mke wake ndiye anayeelekezwa!

Najim alipoondoka, Jamaldini aliipanda, akazunguka uani, akabana. Baiskeli ikalia. Si kulia kwa mchezo. Ililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, mpaka jirani akafungua dirisha kuuliza kunani.

Hiyo ilikuwa furaha ya kwanza ya Jamaldini wiki nzima.

"Unasikia?" alimwambia mkewe. "Ndiyo kazi ya fundi wako hiyo. Fundi wa aproni."

"Amesema ikilia tuiache."

"Mama Kauthar, chuma kikilia kinaomba mafuta. Mnyororo ukilia, mafuta. Pedeli ikilia, mafuta. Hata bawaba ya mlango huu."

"Baba Kauthar, usiiguse."

"Siigusi."

"Niangalie usoni. Usiiguse. Nimebakiza kosa moja kwa yule matroni."

"Nimesema siigusi!"

Akangoja mpaka Siwema alipoingia ndani kuswali magharibi. Kisha akachukua chupa ya mafuta ya cherehani kutoka kwenye droo ya cherehani ya mkewe, akayatonesha kwenye diski ya mbele, akayatonesha kwenye ya nyuma, huku na huku, akazungusha magurudumu yaenee vizuri, akafuta ziada kwa kitambaa. Akabana. Kimya. Akazungusha tena, akabana. Kimya kitamu.

Alipanda, akazunguka uani, akasimama. Ni kweli miguu ilisaidia, lakini uani ni tambarare, na mtu anayetaka kuamini jambo hahesabu miguu yake. Tayari alikuwa anasikia kesho itakavyokuwa. Lerionka atasema, ajabu, hailii. Siwema atasema, ajabu. Na yeye, taratibu, bila kujisifu, atasema: niliirekebisha kidogo.

Ndiyo maana alfajiri, mara baada ya swala, alimwambia mkewe, "Nitaipandisha mwenyewe kwa Lerionka. Nataka uhakika kwamba maziwa yako yanafika."

Siwema alimtazama kwa upole ambao hakuwa ameuona siku nyingi. Alimfungia chapati mbili kwenye karatasi. Jamaldini aliondoka amevimba kifua, akakanyaga pedeli mpaka Ngaramtoni na kupita, akachepuka kulia, akashika njia ya udongo inayopanda kati ya migomba na kahawa. Hakubana breki hata mara moja. Kupanda mlima hakudai breki.

Kwa Lerionka madumu yalikuwa yameshajaa. Mkewe, Nashipae, alikuwa anakaza vifuniko kwa vipande vya nailoni. Lerionka alizunguka baiskeli, akapiga ulimi kwa kuipenda.

"Ashe, fundi, ashe naleng," alishukuru kwa lugha ya kwao. "Lete sasa niende."

"Leo naendesha mimi."

"Wewe? Njia hii naijua mimi, fundi. Ina kona ya pale kwenye mgunga, ina utelezi."

"Njia ni njia. Breki ni mpya, zinataka mtu anayezijua. Wewe njoo nyuma kwa miguu, tutakutana barabarani."

Nashipae alikuwa ameinama kwenye gurudumu la nyuma. Aliinua kidole, akakitazama. "Mbona chuma hiki kina mafuta?"

"Ndiyo ufundi, mama."

"Na kubana mara thelathini je?" Lerionka aliuliza. "Jana nilipoleta maziwa Najim aliniambia kabla ya mteremko..."

"Najim, Najim! Mpaka huku milimani nimkute Najim?" Jamaldini alisema, akarusha mguu, akaondoka.

Hatua hamsini za kwanza zilikuwa raha. Mlima Meru ulikuwa umejivua mawingu kichwani, hewa ilikuwa baridi, na lita arobaini za maziwa nyuma yake zilimsukuma kama mkono wa rafiki. Kisha njia ikainama. Jamaldini akabana kidogo. Akabana zaidi. Akabana mpaka vidole vikagusa usukani, na baiskeli haikupunguza hata kidogo. Pedi ziliishika diski kama mtu anayeshika samaki kwa mikono yenye sabuni.

Aliteremsha miguu. Katambuga moja ya tairi ilimchomoka mguuni ikabaki matopeni. Akina mama wa Kiarusha waliokuwa wanateremka sokoni na mikungu ya ndizi waliruka pembeni, huku na huku.

"Funga breki, wee baba! Funga breki!" mmoja alipiga kelele.

"Nimefunga!" Jamaldini alijibu, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Kwenye mgunga njia ilikata kona. Jamaldini hakukata. Aliingia mtaroni kando ya shamba la kahawa, baiskeli ikaja juu yake, dumu moja likapasuka kama tikiti, lita ishirini zikammwagikia kuanzia kichwani. Dumu la pili lilibingirika, likakwama kwenye ua wa manyasi, kifuniko cha Nashipae hakikuachia. Kabla hajajua kama yuko hai, mbwa alikuwa ameshafika anamlamba sikio.

Lerionka alikuja mbio, katambuga mkononi.

"Fundi! Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi mshukuru Mungu." Alitazama matope yaliyogeuka meupe. "Maziwa ndiyo yamekufa."

Akina mama walikuwa wametua ndizi zao kabisa, wapate kucheka vizuri. Na hapo ndipo Jamaldini aliposikia pikipiki inapanda. Alifuta maziwa machoni. Najim mbele, na aproni yake. Nyuma yake, upande upande, Siwema, kanga inapepea, mkono wake mmoja umeshika bega la Najim.

Goti lilikuwa linatoka damu. Jamaldini hakulihisi. Alichokiona ni mkono ule.

"Umeumia?" Siwema aliuliza, akiruka chini kabla pikipiki haijasimama sawasawa.

"Umetoka nyumbani umepanda nini?"

"Nimeuliza umeumia?"

"Goti. Umepanda nini, nauliza, mbele za watu?"

"Nimekwenda kutafuta mafuta ya cherehani, Baba Kauthar. Nimekuta chupa tupu. Nimekuta kitambaa. Nikajua leo ama nafiwa na mume ama nafiwa na maziwa." Alitazama dumu lililopasuka, akauma mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi macho yake yakajaa. "Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro dakika tano," Najim alisema. Kisha akamgeukia Jamaldini, na hakucheka. Jamaldini angempa hata hela acheke. "Pole sana, kaka," alisema kwa adabu zake zilezile, akapiga magoti matopeni, akatoa kwenye mfuko wa aproni kichupa cha spiriti na pedi mpya. Aliinyoosha foki, akafuta diski upande huu, akafuta upande ule, akanusa, akafuta tena. Akabadili pedi. Akampa Lerionka baiskeli.

"Pale kwenye tambarare. Mara thelathini. Usiwe na haraka."

Lerionka alikwenda akabana, akaachia, akabana. Baiskeli ikaanza kulia. Ililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, mlio ukavuka mashamba ya kahawa, na Siwema akausikiliza ameshika kifua kwa mikono miwili.

"Lerionka, funga hilo dumu moja uje nalo," alisema. "Polepole, lakini uje. Mimi natangulia. Nikimkuta matroni kabla ya saa moja na nusu nitamlilia, nitampigia magoti, sijui, nitajua huko huko. Najim, twende."

"Hupandi tena," Jamaldini alisema.

Akina mama waliacha kucheka. Mmoja alisogea karibu, asipitwe.

"Mimi ni mumeo. Nimesema hupandi tena hiyo pikipiki."

Siwema alijifunga kanga kiunoni, akapanda. Pikipiki ikageuka, na Jamaldini aliutazama mkono ule ukienda tena palepale begani, mpaka kona ya mgunga ikamficha.

Alifika Sakina saa nne, kwa miguu, amekauka maziwa mwili mzima, ananuka mtindi. Habari zilikuwa zimetangulia.

"Karibu, fundi," Manase alimpokea. "Nimesikia umefungua kiwanda cha maziwa mtaroni. Hongera. Sasa sisi wadogo unatuuzia kwa jumla au kwa rejareja?"

Jamaldini alipitiliza kwenda nyumbani. Manase, ambaye hakuwa tayari kukosa sehemu iliyobaki, akaacha viatu vya watu akamfuata mpaka barazani. Pale walikuwa wamekaa Lerionka na bakuli la chai, na Siwema anakanda unga. Baiskeli imeegemezwa ukutani.

"Imefikaje?" Jamaldini aliuliza. Alitaka kujua kweli. Njia nzima alikuwa anawaza hilo, hilo na ule mkono.

"Saa moja na dakika ishirini na sita," Lerionka alijibu. "Fundi, ile kitu inasimama! Nilibana pale kwenye mgunga, karibu nirushwe mbele."

"Matroni kasemaje?"

"Kasema nusu si kuchelewa," Siwema alisema bila kuinua kichwa. "Kapokea ishirini, kanitukana ya arobaini. Jumatatu nikileta zote kabla ya saa, anasaini mkataba. Nisipoleta, nisionekane tena getini."

Jamaldini alishusha pumzi. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha lile goti. Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa ya mtu mwenye akili.

"Mafuta, sawa," alisema. "Nakubali. Mafuta ni kosa langu. Dumu nitalilipa, na maziwa ya Lerionka nitayalipa."

"Tumekusikia," Siwema alisema.

"Lakini na mimi nina swali langu."

"Baba Kauthar, oga kwanza."

"Siogi. Nataka jibu, na hawa wawe mashahidi. Asubuhi umenidhalilisha. Mtu mzima niko mtaroni, mke wangu anakuja kifua mbele mgongoni kwa kijana, kamshika bega, Ngaramtoni nzima inatazama. Halafu namkataza, anapanda tena!"

Manase alivuta kigoda karibu zaidi.

"Hakuna aliyeona bega," Siwema alisema. "Watu walikuwa wanakutazama wewe."

"Usinizungushe! Wiki nzima ni Najim. Chai kwa Najim. Chapati mbili kwa Najim. Kijiti cha Najim umekielewa mara moja. Mimi nina spana miaka ishirini, hujawahi kuniuliza hata jina lake. Haya, nimenyamaza. Lakini pikipiki! Mwalimu Sakaya hapo nyuma ana pikipiki, mzee mzima, mtu wa kanisa. Mwenye duka la vifaa ana pikipiki, tena ungemkuta amefungua. Pikipiki zimejaa Sakina. Nijibu mbele ya watu hawa: katika pikipiki zote hizo, kwa nini ukachagua kupanda ya Najim?"

Siwema alifinyanga donge, akaliweka pembeni ya mengine, akajipangusa unga mikononi.

"Kwa sababu ina breki."